Juzuu la Maskini wa Uingereza

Kuna miaka ya ujana wangu niliyoimalizia Uingereza bila kuvuka hata kivuko cha Kigamboni. Nilikuwa nalala Temeke, nafua Temeke, nagombania foleni ya sukari Temeke, lakini kutwa nzima nilikuwa ndani ya mkoa mmoja wa Waingereza, wenyewe wanauita kaunti, nikihangaika na watu waliokufa zamani hizo babu wa babu yangu hajazaliwa. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nilikuwa najibu karani, basi. Ukianza kueleza, mtu anakuona umechanganyikiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, mzee aliyekwisha kustaafu, alibaki nchini wakati wenzake walipofunga masanduku baada ya uhuru. Alipanga nyumba Kinondoni, ya vyumba vitatu, ua wa michongoma, na ndani vitabu mpaka chooni. Huko kwao kulikuwa na chama cha wapenda historia kilichokuwa kinachapisha kumbukumbu za kale za ile kaunti, juzuu baada ya juzuu, na yeye akapewa juzuu moja alihariri. Kumbukumbu zenyewe hazikuruhusiwa kutoka huko. Alikuwa anatumiwa kwa posta picha za kurasa zake, mwandiko umelala na kusokotana kama mabua yaliyokanyagwa na ng'ombe. Yeye anausoma kwa kioo cha kukuza, ananiandikia kwa penseli, mie napiga chapa. Nilikuwa namwita Mzee, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaipokea vizuri kabisa, marahaba ya mtu aliyelelewa.

Kilichokuwa kinanimaliza ni namna ya kuchapa. Chama kile hakikuwa na uwezo wa kupangiwa herufi kiwandani, kwa hiyo ukurasa nilioupiga mie Kinondoni ndio huohuo ungepigwa picha huko kwao na kuwa kitabu. Maana yake, kosa langu lingefungwa ndani ya jalada gumu na kuwekwa maktaba milele. Hakuna kufuta. Hakuna kupaka dawa nyeupe, kwa sababu kamera inaona kovu. Ukikosea herufi moja kwenye mstari wa chini kabisa, unachomoa karatasi, unaanza juu. Na jasho likidondoka juu ya karatasi, vivyo hivyo, unaanza juu.

Sasa niambie, Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, mtu asidondokwe na jasho atafanyaje? Feni haikuruhusiwa kwa sababu inapeperusha picha za Mzee. Madirisha hayakuruhusiwa kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa najifunga kitambaa kipajini kama mtu anayeumwa kichwa, nakaa kwenye kile chumba chenye joto la tanuri, napiga majina ya vijiji vya Kiingereza herufi moja moja, huku nasikia wenzangu wanapita nje wanacheka. Kuna siku nilichomoa karatasi, nikaikunja, nikaitafuna. Sitanii. Niliitafuna kwa hasira, na Mzee alipoingia nikaimeza.

Ukurasa ukiisha, tunasahihisha. Yeye anashika picha, anasoma kwa sauti kila kitu kilichomo, na alama zake zote: mkato, nukta, herufi kubwa, fungua mabano. Mie nafuata kwa kidole kwenye karatasi niliyopiga. Akisema nukta na mie sina nukta, tumekwisha. Tulikuwa tunasoma hivyo mpaka koo lake linakauka, na mie nilikuwa naota usiku nahesabiwa mikato.

Na ndani ya hizo kumbukumbu mlikuwa na nini? Maskini. Mie nilidhani nitakutana na wafalme. Kumbe lilikuwa juzuu zima la maskini wakihojiwa. Mzee alinieleza kwamba zamani huko kwao kila parokia ilikuwa inalisha maskini wake, kwa hiyo hakuna parokia iliyotaka maskini wa wenzake. Mgeni akionekana hana kitu, anaitwa mbele ya mahakimu. Umezaliwa wapi? Umemtumikia nani? Kwa muda gani? Kama aliwahi kumtumikia bwana mmoja mwaka mzima mahali fulani, basi pale ndipo kwao, anaachwa akae. Kama hakuwahi, anapakiwa kwenye mkokoteni, anarudishwa alikozaliwa, apende asipende. Kurasa zote zilikuwa hivyohivyo. Fulani anaapa amezaliwa hapa, akafanya kazi kule, akaoa, akaugua, akafukuzwa.

Siku moja tulisoma habari za mwanamke mja mzito aliyesukumwa usiku kuvuka mpaka wa parokia ili mtoto asizaliwe upande ule na kuwa mzigo wao. Mzee alinyamaza katikati ya sentensi. Akavua miwani, akafuta macho kwa leso. Mie nilimsubiri aseme mkato. Sikatai, habari ile ilinigusa, lakini nilikuwa nafikiri moyoni, huyu mama amekufa zamani, baba, soma twende, basi la mwisho litaniacha.

Nyumbani nilikuwa na mama yangu. Sie ni watu wa kusini, Wamakonde wa juu kwenye uwanda, na mama yangu ana nembo usoni, zile chale za kizamani zilizochanjwa vizuri kutoka kipajini mpaka kidevuni. Kwetu ni pambo. Huko Temeke zilikuwa kichekesho. Watoto walikuwa wanamfuata mpaka bombani, na watu wazima, wanaojua adabu, walikuwa wanamtumbulia macho. Basi nilimwambia, mama, wewe kaa ndani, maji nitachota mie, mkaa nitanunua mie. Akakaa ndani. Chumba chetu kilikuwa kimoja katika nyumba ya vyumba sita, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nikitoka asubuhi namwacha juu ya mkeka, nikirudi jioni namkuta juu ya mkeka.

Nilikuwa nimekwenda kumchukua mwenyewe wakati watu wa kwetu walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zao za zamani ziliachwa, mikorosho ikaachwa, kila mtu akapewa kiwanja kando ya barabara. Mama alikuwa peke yake, baba alishafariki, na mie ndiye mtoto niliyebaki. Niliona haiwezekani nimwache aanze kujenga upya na umri ule. Wala hakuwa mzee sana, mikono yake ilikuwa bado ina nguvu ya jembe. Alipofika Temeke, wiki ya kwanza tu alipanda vijiti vya muhogo nyuma ya choo. Mwenye nyumba akaving'oa, akasema anaharibu msingi. Mama aliviokota, akavifunga kamba, akaviweka chini ya kitanda mpaka vikakauka.

Mie nilikuwa nampenda mama yangu, na niseme wazi, nilikuwa namhitaji. Ukitoka kwenye ule mji wa wafu wa Kinondoni, ukute mtu hai amekusubiri, anakuita kwa jina lako la kwenu, hiyo ilikuwa ndiyo afya yangu. Bila yeye ningekuwa mashine tu yenye kitambaa kipajini.

Ndipo akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa muuza mkaa, mtu mpole, hakupenda kabisa kazi ile iliyomfikisha mlangoni petu. Alikataa kukaa.

“Mwanangu, umesikia tangazo la watu wasio na kazi?”

“Nimesikia, balozi. Mie ninayo kadi ya mwajiri.”

“Wewe ndiyo. Namuulizia mama.”

Tangazo lilikuwa kwamba kila mtu mwenye nguvu ambaye hana kazi mjini arudi kijijini akalime. Wasio na kadi walitakiwa wafike ofisi ya kata Jumamosi, wahojiwe, na malori yangekuwa palepale yanasubiri. Balozi alikuwa ameulizwa wangapi wako kwenye nyumba zake, na hakuweza kumficha mwanamke ambaye kila mtoto wa mtaa anamjua sura. Aliniomba radhi. Mie nilimjibu vibaya, nikamwambia aende akauze mkaa wake. Akaondoka kichwa chini.

Niliketi kitandani. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilikuwa nimepiga chapa kufukuzwa kwa watu mwaka mzima na ushee, na sasa maneno yaleyale, umezaliwa wapi, umemtumikia nani, yanamjia mama yangu. Nilijua kila swali litakaloulizwa. Nilijua pia jibu linalookoa watu: umtumikie bwana mmoja, mwaka mzima, na bwana mwenyewe awepo aseme ndiyo.

Bwana nilikuwa naye. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshamuaga. Nilikuwa nimefanya mtihani wa kupiga chapa katika shirika moja la umma, nikapita kwa spidi ambayo msimamizi hakuamini, na nilikuwa nimemwambia Mzee kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Ofisi ile ilikuwa na madirisha wazi, feni tatu, na barua za kawaida tu ambazo mtu anaweza kufuta kosa akaendelea na maisha yake. Tangu hapo Mzee alikuwa ananisalimu tu na kusoma.

Nilikwenda nikamkuta anakula papai. Nilimweleza yote. Nikamwomba aje ofisi ya kata Jumamosi, aseme mama yangu ni mpishi wake tangu mwaka jana.

Aliweka kijiko chini. “Lakini mama yako si mpishi wangu, binti.”

“Najua, Mzee.”

“Mimi mwenyewe hapa naishi kwa kibali. Nikisema uongo mbele ya serikali, nikagundulika, nitafukuzwa. Nitakwenda wapi? Huko kwetu sina hata shangazi.”

Nikamtazama. Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya matusi, nikayazuia yote isipokuwa moja. Nikamwambia, “Yule mja mzito ulimlilia.”

Nzi alikuwa anazunguka juu ya papai. Kisha akasema atakuja. Akaongeza, hanitazami usoni, kwamba na mie nimsaidie, nisiende kwenye shirika. Nibaki mpaka juzuu liishe. Hakuna mwingine mjini aliyezoea ule mwandiko na ile namna ya kuchapa, na yeye macho yanakwisha, akianza na mtu mpya hatafika mwisho.

Sikumchukia hata kwa hilo. Alikuwa amebanwa kwenye kona yake na mie kwenye yangu, tukauziana. Nilisema, “Nitabaki mpaka liishe.” Nilipotoka nje niliketi kando ya michongoma, na mpishi wake wa kweli, mtu wa Tabora, akaniletea maji kwenye kopo.

Siku zilizobaki nilimfundisha mama. Jioni tulikaa mkekani, namsomea maswali kama Mzee anavyonisomea mie, na yeye anajibu. Kwenu wapi? Newala. Unafanya kazi? Ndiyo, mpishi, Kinondoni, kwa mzungu. Tangu lini? Tangu mwaka jana, kabla ya mvua. Nilimkatia maelezo mengine yote, kwa sababu nilishaona kwenye zile kurasa kwamba mtu anayeeleza sana ndiye anayejitia kitanzini. Anayejibu kifupi anabaki. Mama alijifunza haraka. Alikuwa anajibu bila kukosea, mikono imelala mapajani.

“Mzungu anakula nini?” aliniuliza mara moja.

“Ugali, samaki, papai. Lakini hawataulizia hayo.”

“Mpishi hajui anachopika?”

“Mama, jibu unachoulizwa tu.”

“Haya, mwanangu,” akasema, na tukarudia tena tangu kwenu wapi.

Jumamosi ofisi ya kata ilifurika. Watu walikaa chini mpaka nje, wengine wamebeba mafurushi kabisa wameshakata tamaa, wengine wanalia, na wanamgambo wamesimama mlangoni. Malori mawili yalikuwa yamegeuzwa matako kuelekea ofisini. Mzee alikuja na soksi zake ndefu na mwavuli, uso umemwiva, na watu wakampisha kana kwamba ndiye amekuja kuwahoji. Aliandikisha kwa karani kwamba mama ni mpishi wake, kisha akasimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Mezani alikuwapo katibu kata, kijana wa suruali ya tetroni iliyopigwa pasi, na karani wake anaandika. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na aliuliza maswali bila kuinua macho. Mtu anajibu, karani anaandika, mtu anaonyeshwa upande. Kulia ni kubaki mjini. Kushoto ni kwenye lori.

Zamu ya mama ikafika. Alikuwa amejifunika kanga mpaka puani kama nilivyomzoesha. Akasogea mezani, akaishusha kanga mabegani. Watu waliona nembo zake, minong'ono ikapita. Nikataka kuinuka nimfunike.

“Kwenu wapi, mama?”

“Newala,” akasema, sawasawa kabisa. Kisha akaendelea. Akataja kijiji, akataja kilima ambacho kijiji kimekikalia, akataja kisima tunachokwenda kuteka maji bondeni alfajiri, akataja baba yake na ukoo wa mama yake. Karani aliacha kuandika. Mie nilikuwa nasema kimyakimya, nukta, mama, weka nukta.

“Unafanya kazi wapi hapa mjini?”

“Sifanyi.”

Katibu kata akainua macho kwa mara ya kwanza. Akatutazama mie na Mzee. “Huyu baba hapa ameandikisha kwamba wewe ni mpishi wake.”

“Huyu baba namwona leo,” mama akasema. Akamgeukia. “Shikamoo, baba. Nasikia unapenda samaki.”

Watu wakacheka. Hata wale waliokuwa wanalia walicheka. Mzee aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, na mie nilitamani ardhi ipasuke.

“Kwa hiyo mwanao anatudanganya?” katibu kata akauliza.

“Hadanganyi. Ananipenda.” Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. “Baba, mie nimekaa kwenye chumba nikitazama ukuta. Huyu akirudi anafurahi, nami nafurahi kwa ajili yake, basi siku imekwisha. Mie si mgonjwa. Mie ni mkulima. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na yeye nisingeweza kumwomba, maana angelia. Nimesikia lori ni la bure. Ni kweli?”

“Ni la bure. Lakini kule kwenu watu walishahamishwa. Utakaa kijijini, si kwenye nyumba yako.”

“Najua. Mikorosho haikuhamishwa. Mtu anaamka mapema anaifikia.”

Nafikiri katibu kata alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayeliomba lori. Akaashiria kushoto.

Nilimshika mama mkono. Nilimwambia kwa kilugha maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia nimeuza kazi nzuri kwa ajili yake, nimejifunga kwa huyu mzungu, nimemdhalilisha mtu mzima mbele ya watu, na yeye ananiaibisha hivi. Kwa nini hakuniambia? Jioni zote zile tumekaa mkekani, kwa nini alikuwa ananijibu mpishi, Kinondoni, kabla ya mvua?

“Ulisema nijibu ninachoulizwa,” mama akasema. “Hukuniuliza kama nataka kukaa.”

Hasira ninayo mpaka leo, na sijui bado nimkasirikie nani. Mama alinifuta uso kwa pindo la kanga, kisha akageuka mezani akiwa bado amenishika, akaninyooshea kidole.

“Na huyu mwandikeni. Naye twende naye. Mtazameni alivyokonda.”

Nataka niseme ukweli, moyo wangu uliruka. Kwa dakika moja nililiona lile lori nikakiona na kisima, na kushuka bondeni na ndoo, hewa ya asubuhi inapiga uso, hakuna herufi hata moja popote. Nilifungua mdomo niseme mie pia sina kazi. Lakini kadi ilikuwa mkononi mwangu, niliishika tangu asubuhi ili wasinichanganye na wengine, na katibu kata alikuwa ameshaichukua. Aliisoma. Akamtazama Mzee.

“Huyu ni wako?”

“Ndiyo,” Mzee akasema. “Huyu ni karani wangu. Huyu ni wa kweli.”

Katibu kata akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima, akamgeukia mama.

“Huyu ana mwajiri, mama. Huyu haendi popote.”

Mama alipanda lori bila kusaidiwa, akapata nafasi ubavuni, akaketi juu ya furushi la mtu kwa ruhusa yake. Yeye hakuwa na furushi. Nguo zake nilizituma baadaye. Lori lilipoondoka alikuwa ameshaanza kumwuliza jirani yake ametoka wapi, na kanga ilikuwa bado iko mabegani.

Mzee alitaka kunisindikiza, nikakataa. Hakuniambia kwamba ahadi yangu ya kubaki imekufa, na mie sikumwuliza. Jumatatu asubuhi nilikuwa Kinondoni, madirisha yamefungwa, na juzuu lilikuwa halijafika hata nusu.